Ndege weupe wa ziwa: wezi ao rafiki?

Juma hili tunazungumza juu ya jirani anayejulikana katika kila nyumba ya Kalemie iliyo karibu na maji: ndege mweupe wa ziwa. Vitabu vinamwita shakwe. Wamama wanaoanika ndagala wanamwita mwizi.

Sisi tuliokulia hapa hatukumbuki utoto wetu bila yeye. Siku ya posho tulishuka kwenye mchanga pamoja na dada zetu wakubwa. Wao walifua nguo na kusugua sufuria. Sisi tulioga pale maji hayapiti magoti. Tulikatazwa kabisa kusogea kwenye mdomo wa Lukuga, kwa sababu ya mamba na viboko. Saa ya kula, aliyeacha sahani yake wazi alijuta. Shakwe alipita mara moja tu, na kipande cha samaki hakikuwepo tena. Mmoja analia, wengine wanacheka.

Leo tuko wamama, na kicheko kimepunguka. Mitumbwi inarudi asubuhi kutoka kuvua usiku kwa taa, na mama ananunua beseni ya ndagala, mara nyingi kwa deni. Akiisha kuwaanika, kundi linashuka. Kila ndagala anayebebwa ni franka ya chumvi, ya sabuni, ya masomo ya mtoto. Tusimhukumu anayeokota jiwe.

Lakini tumjue vizuri tunayemgombeza. Shakwe mwenye kichwa cha kijivu ni mwenyeji wa maziwa yetu. Mwingine, mwenye mgongo mweusi, ni mgeni: anazaliwa mbali sana, Finland na nchi za jirani yake, na anakuja huku kukimbia baridi, kisha anarudi kutaga. Tena si wizi wote ni wake. Mwewe na yangeyange nao wanakula hapo hapo, lakini lawama inamwangukia yeye.

Wavuvi wana neno lingine juu yake. Mchana, wakiona ndege wanazunguka na kujitupa mahali pamoja, wanajua samaki wadogo wako juu, na mara nyingi mikebuka anawafuata chini. Ndege hao pia wanasafisha matumbo ya samaki yanayoachwa ufukweni, ambayo yangeoza na kuvuta nzi.

Kuna jambo lingine lililozidisha ugomvi. Maji ya ziwa yalipanda, na mwaka 2021 na 2024 yaliingia hata katika nyumba za watu. Mchanga wa kuanikia ulipunguka. Mahali panapobaki tunabanana sisi, watoto, mbuzi na ndege.

Sasa tunaomba kitu kimoja kwa nguvu: mtu asitie dawa ya wadudu katika samaki ili kuua ndege. Chambo chenye sumu hakichagui. Mtoto anaokota, kuku anadonoa, na samaki mmoja akichanganyika na wengine, anafika sokoni na katika sufuria ya mama asiyejua kitu. Hasara ya beseni inalipwa, lakini mtoto hanunuliwi.

Kuna njia bora. Jirani zetu wa Burundi, kwa msaada wa FAO, waliacha kuanika chini na kutumia vichanja vya waya. Samaki anapata upepo juu na chini, anakauka upesi, hana mchanga, na mvua ikija anafunikwa haraka. Anayekauka upesi anakaa muda mfupi mbele ya midomo ya ndege, na asiye na mchanga anauzwa bei nzuri.

Kikundi kinaweza kuanza hivi:
- Kutengeneza kichanja kimoja cha pamoja, miguu ya miti, urefu wa mita 1 hivi, juu yake wavu wenye matundu madogo.
- Kutandaza wavu mzee wa uvuvi juu ya samaki, ulioinuliwa kidogo usiwaguse.
- Kulinda kwa zamu, mama kwa mama, ili mtoto asikose masomo kwa kufukuza ndege.
- Kuzika matumbo ya samaki mbali na mahali pa kuanikia, ndege wasizoee kuja hapo.

Shakwe ataendelea kujaribu, hilo ndilo zoezi lake. Watoto wetu nao wanastahili kumwona akiruka juu ya maji, na kula ndagala bila woga.