CHOMBO CHA CHAMA KATIKA MCHANGA NA VUMBI

Chama cha msingi kinunuapo pikapu, au pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, wanachama wake hufurahi, na hufurahi kwa haki, kwa kuwa chombo hicho kimetokana na makato ya mazao yao wenyewe. Lakini chombo kilichopatikana kwa jasho la misimu mingi chaweza kuchakaa kwa msimu mmoja au miwili tu. Mara nyingi kinachokiua si ajali wala wizi, bali ni mchanga na vumbi viingiavyo kidogo kidogo mahali pasipoonekana. Makala haya yaeleza jinsi mchanga unavyoharibu chombo, jinsi ya kukiendesha kipitapo mchangani, na kazi zinazowapasa dereva na Katibu ili mali ya wanachama idumu.

Kwa nini jambo hili lawahusu wakulima

Kata ya Ikinga imo katika Wilaya ya Ileje, ambayo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe. Kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Kusini mwa wilaya hiyo hupita Mto Songwe, ulio mpaka baina ya Tanzania na Malawi. Mto huo hushusha mchanga kutoka milimani. Sehemu huuacha kingoni mafuriko yapunguapo, na sehemu huusukuma hadi Kyela, mahali uingiapo katika Ziwa Nyasa. Chombo cha chama hukutana na mchanga kwa njia mbili: kiendapo mtoni kuchukua mchanga wa kujengea ghala au ofisi, na kipitapo katika njia za vijijini ambazo udongo wake, wakati wa kiangazi, husagwa na magurudumu ukawa vumbi.

Kiangazi hicho ndicho pia msimu wa kuvuna kahawa katika nyanda za juu za kusini. Tunda la kahawa lililoiva halingoji. Lapasa kumenywa siku ile ile lilipochumwa. Likilala katika magunia huchacha, na ladha yake ikiharibika daraja la kahawa hushuka. Basi chombo kikikwama njiani jioni moja, au kikikataa kuwaka, hasara haiishii kwa fundi. Yawafikia wakulima wote ambao kahawa yao ilikuwa ikingojwa mtamboni, na itaonekana katika malipo yao. Ndiyo sababu matunzo ya chombo si kazi ya dereva peke yake, bali ni jambo la chama.

Jinsi mchanga unavyokula chuma

Mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni chembe za jiwe gumu liitwalo kwatzi. Katika kipimo cha ugumu wa mawe kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kiendacho kutoka 1 hadi 10, kwatzi ina daraja la 7, na chuma cha kawaida ni kati ya 4 na 5. Maana yake ni kwamba chembe moja ya mchanga yaweza kukwaruza chuma, lakini chuma hicho hakiwezi kuikwaruza chembe hiyo. Chembe zinaponasa katika mafuta au grisi, mchanganyiko huo huwa msasa, na kila mzunguko wa gurudumu ni sawa na mkono wa fundi apigaye tupa.

Injini nayo hupumua. Kwa kila lita moja ya petroli inayoungua, injini huvuta hewa ipatayo lita 9,000, yaani kiasi cha kujaza madebe 450. Hewa hiyo yote hupita katika chujio. Chujio likiziba, injini hukosa pumzi, hula mafuta mengi na kukosa nguvu mlimani. Likichanika, vumbi hupita moja kwa moja hadi katika silinda na kukwaruza pistoni na ringi zake. Moshi wa buluu utokao katika ekzosi ya chombo kipya mara nyingi ni dalili ya jambo hilo.

Adui huyu hachagui ukubwa wa chombo. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari dogo la mchezo liitwalo Sand Scorcher, liongozwalo kwa redio na kuundwa kwa ajili ya kukimbia mchangani. Watengenezaji waliweka vyombo vyake vya redio ndani ya kisanduku kilichofungwa ili mchanga na maji visipenye. Wachezao na magari ya namna hiyo ufukoni hujua kwamba baada ya mchezo hapana budi kuyapangusa, kuyakausha na kuzitazama beringi zake. Ikiwa chombo cha mchezo chahitaji uangalifu huo, chahitaji zaidi chombo kibebacho kahawa ya kijiji kizima.

Kupita mchangani

Elimu ya kupita mchangani si ya jana. Baina ya vita kuu mbili, ofisa Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka jangwa la Libya kwa magari ya kawaida ya Ford. Walipunguza upepo wa matairi, na walichukua vipande virefu vya chuma vya kutandika chini ya magurudumu yaliyozama. Mwaka 1941 Bagnold alitoa kitabu juu ya mwendo wa mchanga upeperushwao na upepo, ambacho wataalamu wangali wanakitumia. Mambo yafuatayo yatokana na elimu hiyo na uzoefu wa madereva.

(a) Upepo wa matairi. Kwato la mbuzi huzama matopeni, lakini unyayo wa bata hauzami, kwa kuwa uzito wa bata umetandazwa. Tairi lililopunguzwa upepo hurefusha sehemu yake igusayo ardhi, nalo hufanya kazi ya unyayo wa bata. Pikapu ambayo kwa kawaida hujazwa ratili 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba yaweza kushushwa hadi 20 hivi ivukapo mchanga mwepesi. Hilo lifanywe wakati gari halina mzigo mzito, mwendo uwe wa polepole, na upepo urudishwe kabla ya kurudi katika njia ngumu. Tairi legevu katika njia ngumu hupata joto na kupasuka. Basi pampu na kipima upepo ni vifaa vya lazima. Tairi la pikipiki lenye tyubu lisilegezwe mno, kwani huteleza katika ringi na kung'oa valvu.

(b) Mwendo. Dereva achague gia ndogo kabla hajaingia mchangani, ashike mwendo mmoja bila kusitasita, asikate kona kwa ghafula wala kufunga breki kwa nguvu. Afuate alama za gari lililotangulia. Mchanga wenye unyevu wa kiasi ni mgumu kuliko ulio mkavu, kwa kuwa maji hushikamanisha chembe. Apitaye ufukoni Matema, Wilaya ya Kyela, aweza kuliona jambo hili kwa miguu yake. Lakini mchanga uliolowa kabisa kando ya maji humeza gurudumu.

(c) Kukwama. Magurudumu yakianza kuzunguka mahali pamoja, dereva aondoe mguu mara moja. Kuongeza mafuta ni kujichimbia shimo na kuunguza klachi. Mzigo ushushwe, mchanga ufukuliwe mbele na nyuma ya magurudumu, mbao au matawi yatandikwe, kisha gari lirudi nyuma kwa njia lililojia.

(d) Mzigo wa mchanga. Debe moja la lita 20 la mchanga mkavu lina uzito wa kilo 32 hivi, na ukiwa umelowa hukaribia kilo 38. Basi pikapu ya tani moja hujaa kwa uzito kwa madebe 26 ya mchanga uliolowa, hata kama bodi yake yaonekana bado ina nafasi. Kupakia kwa macho ndiko kunakovunja springi.

(e) Maji. Chombo kilichotoka safari ndefu kisiingizwe mtoni papo hapo. Vikombe vya magurudumu vikiwa vya moto na kutumbukizwa katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunja na kuvuta maji yenye mchanga kupitia katika sili. Kipumzishwe kwanza. Kadhalika, mchanga upakiwe chombo kikiwa ukingoni, kwenye ardhi ngumu, si ndani ya maji.

Matunzo baada ya safari

Baada ya safari ya mchangani chombo kioshwe kwa maji mengi bila kupiga maji kwa nguvu kwenye beringi na nyaya, kisha kikauke. Maji ya Ziwa Nyasa na ya mito hayana chumvi. Lakini chombo kilichofika Pwani na kuguswa na maji ya bahari kioshwe kwa maji baridi siku ile ile, kwani chumvi hula chuma hata kikiwa kimesimama. Baada ya hapo, kazi hizi zifanywe:

Chujio la hewa. Wakati wa kiangazi litazamwe kila juma, na kila siku kama vumbi ni jingi. Chujio la sifongo huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa mafuta kidogo ya chujio na kukamuliwa tena. Lisioshwe kwa petroli, maana huozesha sifongo na yaweza kuleta moto. Chujio la karatasi halioshwi. Hugongwagongwa taratibu au kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Lililochanika halina dawa, ni kutupwa.

Mnyororo wa pikipiki. Kosa la kawaida ni kumimina mafuta juu ya mnyororo wenye mchanga. Kufanya hivyo ni kutengeneza msasa uliotajwa hapo juu. Mnyororo usuguliwe kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushwe kwa kitambaa, ndipo utiwe mafuta, na yaliyozidi yafutwe. Ulegevu wake upimwe kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Meno ya sproketi yaliyochongoka kama meno ya msumeno ni dalili kwamba vyote viwili vyapasa kubadilishwa pamoja.

Beringi na breki. Gurudumu liinuliwe na kutikiswa kwa mikono miwili. Likicheza au kutoa sauti ya kusaga, beringi imekwisha kuingiwa na mchanga. Dramu la breki lifunguliwe na vumbi lake lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Lisipulizwe kwa kinywa, kwani vumbi la breki lina madhara kwa mapafu.

Oili. Vitabu vya watengenezaji huagiza oili ibadilishwe mapema zaidi kwa chombo kifanyacho kazi vumbini. Agizo hilo lifuatwe kwa kuhesabu kilomita, si kwa kungoja oili iwe nyeusi.

Kazi ya Katibu

Wafanyabiashara husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katibu hahitaji kujua kufungua injini, ahitaji kujua kusoma daftari la chombo. Daftari hilo liwe na tarehe, jina la dereva, safari na mzigo, kilomita za kuanzia na za kumalizia, lita za mafuta, na matengenezo yaliyofanywa pamoja na gharama yake. Dereva na Katibu watie sahihi kila safari.

Chukuliwe mfano. Mwezi wa Juni pikapu imekwenda kilomita 240 kwa lita 24, yaani kilomita 10 kwa kila lita. Mwezi wa Agosti imekwenda kilomita 240 hizo hizo, kwa njia zile zile, lakini imetumia lita 30, yaani kilomita 8 kwa lita. Lita sita zimepotea. Yawezekana chujio limeziba, matairi yamelegea, breki zinashika, au mafuta yametumika kwa shughuli nyingine. Daftari halimtaji mwenye kosa, lakini laonyesha mahali pa kuuliza, na laonyesha mapema kabla injini haijafa. Dereva mwaminifu pia hulindwa na daftari hilo, kwa kuwa huonyesha kwamba alitoa taarifa ya chujio lililochanika, na ni siku gani alipoitoa.

Yafaa Bodi itenge fungu dogo la matunzo katika makisio ya kila mwaka yapelekwayo Mkutano Mkuu: machujio, oili, grisi, brashi, pampu na kipima upepo. Mara nyingi chama husita kununua chujio kwa sababu hakuna fungu, kisha hulazimika kutafuta fedha za kufanyia injini matengenezo makubwa. Ni mambo ya asiyeziba ufa. Kamati ya Usimamizi nayo, ikaguapo hesabu, iombe kuliona daftari la chombo kama iombavyo kuviona vitabu vya fedha.

Kabla msimu wa kahawa haujaanza, kila Katibu ahakikishe kwamba daftari limefunguliwa, chujio la akiba limo stoo, na dereva anajua ni siku gani ya juma atakayofungua la zamani mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi. Mchanga na vumbi haviwezi kuondolewa katika njia za Ileje. Vyaweza tu kuondolewa katika chombo, kila jioni, kabla havijapata nafasi ya kufanya kazi yake.