Si kila sarafu yenye kasoro ni hazina

Katika masoko ya Meru na Embu, sarafu yenye sura ya ajabu haikosi mtu wa kuinadi kwa bei ya kustaajabisha. Mwuzaji hudai kwamba kiwanda kilikosea. Je, ni kweli?

Sisi tunaosomesha isimu twajua kwamba hata kosa lina kanuni yake. Ulimi huteleza kwa njia inayoelezeka. Mashine ya kupiga chapa ni vivyo hivyo. Kipande cha madini kikikaa upande, picha hukatika pande zote mbili za sarafu, wala si upande mmoja tu. Lakini herufi zilizogeuka na kuzama aghalabu ni alama ya sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwa jiriwa.

Tazama sarafu za shilingi 10 na 20 za miaka ya 1990, zenye kitovu cha rangi moja na pete ya rangi nyingine. Kitovu kikipigwa nyundo hutoka. Hilo ni jeraha, si kosa. Nayo shilingi moja ya miaka ya 1970 ni ya shaba na nikeli, nyeupe. Ukiiona ya dhahabu, imepakwa. Chunguza ukingo uliochakaa: weupe wake utajitokeza.

Anayeumia ni mkulima wa miraa wa Meru au wa muguka wa Embu, atoaye fedha halali kununua jeraha.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi mnunuzi na aulize vimeundwa na nani: kiwanda, au mtu mwenye tupa na nyundo uani mwake?