Ukiwa Safarini, Kagua Bidhaa Kabla ya Kutoka Supamaketi

Shule zinapofungwa, wakazi wengi husafiri kwenda kaunti nyingine kutembelea jamaa au kupumzika. Wakifika mjini, wengi huingia supamaketi wanayoijua jina, kama vile Naivas, iliyoanzia Rongai, Nakuru, mwaka wa 1990 na sasa ina matawi katika miji mingi, kuanzia Mombasa hadi Kisumu.

Kuna tofauti moja. Ukinunua maziwa yaliyoharibika karibu na nyumbani, utayarudisha kesho. Ukiwa safarini, utagundua tayari matatu imeshafika mji mwingine. Ndiyo maana ukaguzi ufanyike kabla ya kutoka dukani.

Mambo ya kukagua

• Tarehe ya mwisho ya matumizi, hasa kwa maziwa, mkate, nyama na vyakula vya watoto.

• Chapa ya ubora ya KEBS. Ukiwa na shaka, andika SM#, ufuatishe nambari iliyo chini ya chapa hiyo, kisha utume kwa 20023. Jibu litakuonyesha ikiwa kibali ni halali.

• Bei. Linganisha bei ya kwenye rafu na ile ya kwenye risiti ukiwa bado pale kaunta.

• Risiti. Itunze hadi safari iishe. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi na lini.

Ukiuziwa bidhaa mbovu

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha kuzihusu, na fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro zake. Haki hiyo haiishii kwenye mpaka wa kaunti yako.

Anza kwa kumwona meneja wa tawi. Asipokusaidia, piga ripoti kwa kaunti uliyonunulia, si ya nyumbani. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kila kaunti husimamia biashara ya haki katika eneo lake. Uliza ofisi ya vipimo na mizani ikiwa uzani umepungua, au afisa wa afya ya umma ikiwa chakula kimeharibika.

Mifuko na chupa

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo beba kikapu au mfuko wako. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na mirija, haziruhusiwi katika mbuga za wanyama, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Ikiwa unaelekea Mbuga ya Ziwa Nakuru, kwa mfano, usinunue katoni ya maji mjini ukitarajia kupita nayo langoni. Beba maji katika chupa inayojazwa tena.

Ukaguzi huu huchukua dakika chache tu. Wafundishe pia watoto wanaosafiri peke yao kurudi shuleni.