Muulize mchuuzi: Samaki huyu ni wa Lamu au wa Vanga?

Ukifika City Market jijini Nairobi, au kwa muuza samaki wa mtaani kwako, wimbo ni mmoja: "Samaki wa Pwani, mama, wa leo leo!" Nawe hutoa pesa ukaenda zako. Lakini, msomaji, pwani yetu ina zaidi ya kilomita 500 kutoka Kiunga hadi Vanga, na bahari haitoi kitu kimoja kote. Ukijua samaki alikotoka na msimu aliovuliwa, utajua umlipie kiasi gani na umpike vipi.

Tuanze Lamu. Huko kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Tena wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mkondo wa maji kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka kusini, na maji baridi yenye rutuba huibuka kutoka chini. Samaki hufuata chakula. Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, ni maarufu kwa kamba wa mawe, wale wakubwa wenye miba ambao wapiga mbizi huwatoa katika nyufa za matumbawe. Wengi huishia mahotelini na ng'ambo, basi usishangae bei. Kaa wa mikokoni naye mnunue akiwa hai, tena mzito mkononi. Akiwa mwepesi, umenunua ganda.

Shuka hadi Ghuba ya Ungwana, baina ya Kipini na Malindi. Mito ya Tana na Sabaki humwaga matope yake hapa, na mgeni akiyaona maji mekundu hukunja uso. Kumbe matope hayo ndiyo yanayowalea kamba wadogo tunaowatia kwenye pilau. Hukulia midomoni mwa mito na mikokoni kabla ya kutoka baharini. Kwa ajili yao meli za nyavu za kukokota zilizozana na wavuvi wadogo miaka mingi, hata Serikali ikazisimamisha mwaka 2006. Baadaye ziliruhusiwa tena kwa masharti. Jikoni usiwacheleweshe motoni, watakuwa mpira. Dakika tatu au nne zatosha.

Kusini, pande za Gazi, Shimoni na Vanga, mwamba uko karibu na ufuo na maji ni maangavu. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, utawaona akina mama na vijana juu ya mwamba wakimchokoa pweza kutoka shimoni mwake. Huyo apigwepigwe kwanza, achemshwe, ndipo atiwe tui la nazi. Changu nao hupatikana kwa wingi, na kwangu mimi hakuna samaki wa kupaka anayemshinda changu.

Sasa msimu. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na wavuvi wa mitumbwi hubaki ndani ya mwamba wakipata tafi na pono. Nguru na jodari wa bahari kuu huvuliwa zaidi kaskazi ikitulia. Anayekuapia mwezi wa Julai kwamba nguru wake ni wa jana, mtazame machoni. Na samaki naye mtazame machoni: jicho liwe limetuna na kung'aa, mashavu yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza.

Jodari ndiye wa kuangaliwa zaidi. Akikaa bila barafu, nyama yake hufanya sumu ambayo moto hauiondoi wala ndimu. Mlaji huwakwa uso, hutoka vipele na kuumwa na kichwa muda mfupi tu baada ya kula. Kwa hiyo ukimkuta amelala juu ya meza kavu, mwache hapo. Chukua ng'onda, umloweke usiku kucha, kisha umpike chukuchuku kwa ndimu na pilipili, na usonge ugali mkubwa kuliko ulivyozoea.