AFYA YETU: MNYAMA HULA, MTOTO HUNYWA

Ndugu msomaji, kama unafuga mbuzi wa maziwa, jambo hili umeliona. Mbuzi akila majani yenye harufu kali, maziwa yake nayo hunuka. Kwa nini? Kwa sababu maziwa hutokana na chakula anachokula mnyama. Kizuri huingia kwenye maziwa. Kibaya nacho huingia.

Huku Kibaha na Kisarawe hatukamui kondoo. Lakini nchi ya Ugiriki hukamua kondoo wengi na kutengeneza jibini. Wataalamu wa huko wamejaribu kuwalisha kondoo mimea midogo sana ya majini, jamaa ya mwani. Mmea mmoja peke yake hauonekani kwa macho. Maziwa ya kondoo hao yalibadilika. Yalipata mafuta mazuri kama yale ya samaki, ambayo husaidia ubongo na macho ya mtoto.

Usishangae. Samaki nao hupata mafuta hayo kutokana na mimea hiyo hiyo. Samaki wadogo hula vinavyoelea majini, na samaki wakubwa hula wadogo.

Lakini chakula hicho ni ghali. Tena mara nyingine kiasi cha mafuta yote katika maziwa hupungua.

HATARI YA UTANDO WA KIJANI

Je, tuchote utando wa kijani lamboni tuwape mbuzi? Hapana! Mimea wanayolishwa kondoo wale huchaguliwa na kukuzwa mahali safi. Utando wa lamboni unaweza kuwa na sumu kali. Mwaka 2020, tembo zaidi ya 300 walikufa nchini Botswana. Serikali ya huko ilieleza kwamba waliuawa na sumu ya viumbe vidogo vya namna hiyo vilivyoota kwenye maji.

Maji ya lambo yakiwa ya kijani kama rangi ya kupaka ukuta, usinyweshe mifugo. Usinywe wewe wala usimpe mtoto. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Utando huo hustawi pale samadi na mbolea zinapoingia majini. Kwa hiyo, zungushieni lambo uzio. Chota maji, unyweshe mifugo kwenye hori, mbali na lambo.

LISHA HIVI

1. Mpe mnyama majani mabichi kila siku: mabingobingo, majani ya viazi vitamu na lusina. Majani mabichi huongeza vitamini A katika maziwa. Vitamini hiyo hulinda macho ya mtoto. Lusina isizidi theluthi moja ya malisho, maana ikizidi humdhuru mnyama.

2. Majani ya mihogo yaanike kwanza yanyauke vizuri. Mabichi yana sumu.

3. Mpe maji safi ya kutosha. Katika vikombe 10 vya maziwa, karibu 9 ni maji.

4. Usimpe pumba wala mashudu yaliyoota ukungu. Ukungu huleta sumukuvu, nayo hupita mpaka kwenye maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Usiseme, "Mahindi haya yameharibika, basi tumpe ng'ombe." Ukimpa ng'ombe, umempa mtoto wako.

5. Chemsha maziwa kabla ya kunywa. Moto huua vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba. Lakini kumbuka: moto hauondoi sumukuvu. Sumukuvu huzuiwa ghalani, kwa kukausha na kuhifadhi chakula vizuri.

Ukiona mnyama ameacha kula, au maziwa yamebadilika ghafla, mwite bwana mifugo mapema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mifugo ya kijiji chetu hunywa maji wapi? Maji hayo yana rangi gani?

2. Pumba zetu tunazihifadhi wapi wakati wa masika?

3. Kwa nini kuchemsha maziwa peke yake hakutoshi?