Soya na Tumbo Kujaa

Jambo hili umeliona. Mama hapa Kwa Mrombo anapeleka mahindi, ulezi na soya mashine, anasagisha unga wa lishe. Mtoto anakunywa uji. Jioni tumbo limejaa kama ngoma, analia. Basi mama anasema, "Soya haimfai mwanangu." Anaiacha. Mtoto anabaki na uji wa mahindi matupu, na chakula cha kujenga mwili kimekwenda.

Je, tumbo linajaa kwa nini? Tutazame shanga. Akina mama wa Kiarusha hutunga shanga katika uzi. Ndani ya punje, sukari nazo zimetungwa hivyo hivyo. Wanga wa mahindi ni uzi mrefu wenye mamia na maelfu ya shanga. Mate na utumbo vina mkasi wa kuukata. Mkasi huo wataalamu huuita kimeng'enya.

Soya haina wanga mwingi. Ina nyuzi fupi, za shanga tatu au nne tu. Utadhani fupi ni rahisi. Wapi! Fundo lake ni la namna nyingine, na mwili wa mtu hauna mkasi wake. Nyuzi zinapita nzima mpaka utumbo mpana. Huko wapo vijidudu wenye mkasi huo. Wanazila na kutoa hewa. Maharage nayo ni vivyo hivyo.

Lakini nyuzi hizi fupi huyeyuka katika maji. Kwa hiyo loweka soya usiku kucha, mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya hadi iive. Kisha menya, anika, kaanga, ndipo usagishe. Kuanika juani tu hakutoshi, na hapa wengi wetu tunakosea. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula cha kujenga mwili. Moto ndio unaokiua.

Wenzetu wa Indonesia huichachusha soya iliyopikwa, wakaifunga kwa majani ya mgomba siku moja au mbili. Huiita tempe. Kuvu hukata sehemu ya nyuzi fupi, na zile ndefu za kuta za punje hulegea. Ila kuvu hiyo huchaguliwa na kupandwa kama mbegu. Siyo ukungu wowote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Soya iliyoota ukungu ghalani itupe, usimpe hata kuku.