Taa ya Breki ni ya Msee Ako Nyuma

Msee wa nduthi ndiye alinishtua. Nilikuwa natoka Magadi, nimeshuka Kona Baridi, giza inaingia, na hapo kwa bampu za Kiserian akanikaribia kwa dirisha. Alikuwa amebeba mathe mmoja na mtoi katikati yao. Akaniambia polepole tu, bila kufoka: "Buda, taa zako za breki zimelala. Hapo juu nilikuwa nikuingie." Akavuta mafuta akaenda. Nikabaki na mkono kwa gia, moyo inapiga, juu hiyo mteremko yote nilikuwa nakanyaga breki nikijua niko fiti.

Hiyo ndio noma ya hizi taa. Honi ikinyamaza, wewe dere unajua. Taa za mbele zikizima, unakosa barabara. Lakini za breki hujai kuziona zikiwaka ukiwa kwa usukani. Ni za msee ako nyuma yako, na akiwa wa nduthi, hana bodi ya kumkinga.

Ndai yenyewe ni Maruti, ile Gypsy ya India, damu ya Suzuki, model yenye ilianza kutoka 1985. Injini 1.3, paa ya turubai, na huko nyuma hakuna ile taa ya tatu ya breki ndai za siku hizi hukuwa nayo. Ni mbili tu, chini karibu na bampa. Zikienda, umeenda nazo. Naipenda hii ndai kuliko vile naweza bonga, na hiyo wikendi haikutoka gate.

Nilianza na balbu. Taa za usiku zilikuwa zinawaka, lakini hiyo haikuambii kitu, juu balbu moja ya 21/5 iko na nyuzi mbili ndani: wati 5 za usiku, wati 21 za breki. Sasa nyuzi za breki ziungue kushoto na kulia kwa mpigo? Ngumu. Fyuzi nikaichomoa, nikaiinua kwa mwangaza, kawaya kako sawa. Ikabaki swichi.

Kuifikia lazima ujikunje. Nililala chali, mgongo kwa sakafu, miguu imepanda juu ya kiti, tochi kwa meno. Iko huko juu kwa mkono wa pedali, kitu saizi ya kidole gumba, na waya mbili. Wasee wengi hudhani ukikanyaga breki ndio unaibonyeza. Ni kinyume. Ukiwa umetoa mguu, pedali ndio hukalia kale kachuma ka swichi na kukata moto. Ukikanyaga, pedali inahepa, kachuma kanaruka nje, moto inapita. Nilichomoa soketi nikashikanisha zile waya mbili na kipande cha waya. Ukuta wa jirani huko nyuma ukageuka mwekundu. Aki nilifurahi.

Hiyo swichi ya zamani niliipasua na kisu nijionee. Ndani kulikuwa na vipande vya shaba vimeungua nyeusi ka masizi ya sufuria. Piga hesabu: balbu mbili za wati 21, betri ya volti 12, hiyo ni ampea 3.5, na zote hupita hapo kila ukigusa breki, miaka nenda miaka rudi, na vumbi ya Kajiado juu yake.

Nikashuka Grogan kusaka ingine, mzoga wake mfukoni. Usiende mikono mitupu. Hizi swichi hufanana, lakini uzi wa kufungia na mdomo wa soketi ndio huleta ngori. Soo nne, nikarudi. Spana ya 14, ikakaa.

Sasa shika rada hapa. Ukiizungusha ndani sana, inasukuma pedali na haiwachi irudi hadi mwisho. Ni ka kuendesha na mguu kwa breki: mafuta hayapati njia ya kurudi kwa masta, breki zinabaki zimeshika, gurudumu zinachemka. Ukiiacha nje sana, taa hazizimi. Mimi niliizungusha hadi ikagusa, nikairudisha kidogo, ka milimita moja hivi, nikaskia pedali bado iko na ule uhuru wake pale juu, ndio nikakaza nati. Nikacheki ukuta: inawaka, inazima. Nikaenda kulala.

Asubuhi kuwasha ndai: tik, tik, tik. Betri imekufa.

Soja wa gate akakuja. "Kijana wangu, huko nyuma kulikuwa kunawaka usiku mzima. Nilidhani uko ndani."

Nikarudi chini, mdomo mkavu. Kwa mkeka, chini ya pedali, kulikuwa na plastiki imevunjika vipande vipande ka ganda la yai. Hapo ndio nikaelewa. Kwa mkono wa pedali kuna tundu, na kwa hilo tundu hukaa kakifuniko saizi ya kifungo cha shati. Hako ndiko hugusana na swichi. Kalikuwa kamezeeka, springi mpya ikakamaliza, kachuma kakapenya kwa tundu, na swichi ikadhani nimekanyaga.

Nilipitisha bolti ya kichwa bapa kwa hilo tundu, nikafunga na nati, hadi nikapata kakifuniko kapya. Finje. Nilinunua mbili, moja inakaa kwa dashibodi.

Siku ya kumaliza, soja alisimama nyuma na rungu yake akinipea ripoti: "Imewaka. Imezima. Imewaka. Imezima." Nilikuwa nimempigia stori ya ule msee wa nduthi. Tulirudia hadi nikamwambia mzae, imetosha. Akakataa. Akainama karibu na taa, akasema hebu sasa kanyaga polepole, ile ya mtu anashuka Kona Baridi.